Wanaotembea kila siku hapa Nairobi: mnafanyaje msiache wiki ya tatu?

#1 Kitambi_Donholm
Wadau, habari za jioni. Nina swali na naomba msinicheke sana, kidogo ruhusa.

Tangu Januari 2023 nimeanza kutembea kwa ajili ya mazoezi mara sita. Nimehesabu. Mara sita nimeanza, mara sita nimeacha, na kila mara ni wiki ileile ya tatu. Wiki ya kwanza naamka kabla alamu haijalia. Ya pili nanunua chupa ya maji na soksi za bei. Ya tatu mvua inanyesha siku mbili mfululizo, au kazini tunafunga hesabu za mwezi, na nikija kukumbuka viatu vimeota vumbi pale mlangoni.

Si kwamba sipendi. Nikishakuwa njiani nafurahi kabisa. Daktari aliniambia presha inapanda, na hata hilo halikunifikisha wiki ya nne. Kwa hiyo faida za kutembea msinihubirie, nazijua. Namtaka mtu aliye mwaka wa pili au wa tatu aniambie: siku ambayo hutaki, ni nini hasa kinakutoa nyumbani?

#2 konda_msomi
Kukosa nauli. Msimamizi funga uzi.

#3 Msimamizi
Haufungwi. Endeleeni, ila matangazo ya chai za kupunguza unene nitayafuta bila onyo.

#4 ShazzRoysa
Hahaha #2. Kwangu ni mtu. Jirani yangu wa ghorofa ya pili. Tulianza pamoja, mwaka wa pili huu. Nikimwandikia "leo nimechoka", jibu lake ni moja tu: "niko getini." Sasa utamwacha mtu amesimama getini na soja anamwangalia? Unashuka ukinung'unika, ukifika kona ya kwanza umesahau ulinuna kwa nini. Kitambi, tafuta mtu asiyejibu visingizio.

#5 MzeeKaloleni
Huyu konda anatania lakini ameligusa jambo, ngoja nimsaidie na nimpinge hapohapo.

Nilifanya kazi kiwandani Industrial Area kuanzia 1979 hadi 2007. Miaka 28. Naishi Kaloleni, navuka reli, naingia kazini. Jioni vivyo hivyo. Mvua, jua, homa, nilitembea. Hakuna aliyeniambia nijitie moyo. Tulikuwa mamia tukipita njia ile alfajiri, na kama ungetuambia tunafanya mazoezi tungekuona una wazimu. Hadi hapo konda ana haki.

Lakini sikilizeni. Mwaka wa kwanza wa kustaafu niliongeza kilo tisa. Miguu ni ileile, barabara ni ileile, Kaloleni haijahama. Kumbe sikuwa mtu wa kutembea, nilikuwa mtu wa kufika kazini. Kazi ilipokwisha safari nayo ikaisha. Kwa hiyo shida inakutembeza, ila haikufundishi kutembea.

Kilichoniokoa ni gazeti. Kuna muuzaji hatua hamsini kutoka mlangoni kwangu, sinunui kwake. Nanunua Muthurwa kwa jamaa mmoja anayeniwekea. Nisipotokea hadi saa tatu ananipigia simu kuuliza kama niko hai. Matembezi yangu siku hizi ni kwenda kuchukua gazeti, basi.

#6 konda_msomi
Mzee umenipiga kwa fimbo yangu mwenyewe. Nakubali nusu.

#7 TakwimuTu
Kitambi_Donholm, hiyo wiki yako ya tatu ina historia. Watu wengi wanaamini tabia hujengeka kwa siku 21. Habari hiyo inarudi kwa Maxwell Maltz, daktari wa Marekani wa upasuaji wa kurekebisha sura. Mwaka 1960 aliandika kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuzoea uso mpya kwenye kioo. Tazama: ni "angalau", na ni kuzoea pua, si kuamka saa kumi na moja. Neno "angalau" likadondoka njiani, 21 ikabaki.

Baadaye, mwaka 2009, Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha UCL kule London waliwafuatilia watu 96. Kila mmoja alichagua jambo dogo la kula, kunywa au mazoezi alifanye kila siku. Aliye katikati alihitaji siku 66 hadi jambo lijifanye lenyewe. Wa haraka alichukua 18, wa mwisho 254. Wewe unashuka garini siku ya 20 ukidhani umepitishwa steji, kumbe hata nusu ya njia hujafika.

#8 Kitambi_Donholm
Mzee shikamoo, hadithi ya gazeti nimeisoma mara mbili.
TakwimuTu, siku 254? Unanitia moyo au unanizika?

#9 NesiWaUsiku
Usizikwe, ile 254 ina maelezo yake. Utafiti wenyewe ulidumu siku 84 tu. Hiyo 254 ni makadirio ya hesabu: walichora mstari wa yule mtu anavyokwenda, wakaurefusha kuona angefika lini. Hakuna aliyefuatiliwa siku 254. Na TakwimuTu ameacha sehemu tamu: kuruka siku moja hakukuwaharibia watu chochote cha maana. Kwa hiyo Kitambi, mvua yako haikuua kitu.

#10 TakwimuTu
Nesi ana haki kuhusu 84. Nimesimama nimesahihishwa, naketi.

#11 Kitambi_Donholm
Kama siku moja haidhuru, mbona mimi nadhurika?

#12 ShazzRoysa
Kwa sababu wewe siku moja unaifungulia kesi. Unakosa Jumanne, Jumatano unajihukumu, Alhamisi unatumikia kifungo.

#13 MswahiliWaMajengo
Asalaam aleikum wenyeji. Sisi huku Pumwani hatuiti mazoezi. Mimi naamka kwa adhana ya alfajiri, na msikiti nimechagua ule wa mbali kidogo, si ule ulio dirishani kwangu, kwa kuwa kila hatua ya kwenda msikitini ina thawabu yake. Dakika ishirini kwenda, ishirini kurudi. Miaka kumi na moja hii. Sijawahi kujiuliza kama leo nina hamu. Nikianza kujiuliza, nishashindwa.

Mtu asiyeswali naye atafute adhana yake. Kitu kinacholia nje yake, asichoweza kukizima kwa kidole.

#14 konda_msomi
Na ukitoka msikitini unapitia wapi, sema kweli.

#15 MswahiliWaMajengo
Mahamri mawili na mbaazi. Usinifuatefuate.

#16 BwanaMbwa_Kileleshwa
Jibu ni mbwa. Mbwa hajui kama mvua imenyesha wala kama mwezi unafungwa. Saa kumi na mbili na nusu amesimama juu yako anakupumulia. Nilitembea kila siku mwaka mzima.

#17 ShazzRoysa
Ulitembea? Mbona umetumia wakati uliopita?

#18 BwanaMbwa_Kileleshwa
Niliajiri kijana wa kumtembeza. Sasa mbwa ana afya njema sana.

#19 MzeeKaloleni
Nimecheka mpaka nimemwaga chai.

#20 wanjiku_wa_tano_asubuhi
Nimesoma posti zote, naona mnazungumza kana kwamba kila mtu anaweza kufungua mlango saa yoyote atoke. Mimi niko Kasarani. Hapa kwetu jua linachomoza karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni, mwaka mzima, halibadiliki kwa maana yoyote. Natakiwa niwe kwenye gari saa kumi na mbili asubuhi nisikwame. Narudi saa moja na nusu usiku. Mwanga wote wa siku nauuza kazini. Sasa niambieni nitembee lini? Gizani? Dada yangu aliporwa simu gizani, akasukumwa mtaroni, na alikuwa hatua mia moja kutoka nyumbani.

Motisha ninayo tele, nilichokosa ni njia yenye taa. Ikiwekwa taa na njia ya miguu isiyo mtaro mtaniona barabarani kila siku bila jirani, bila mbwa, bila adhana.

#21 TakwimuTu
Naongezea #20. Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya wanaotembea na waendesha baiskeli mwaka 2015, na ndani yake iliahidi asilimia 20 ya bajeti ya ujenzi wa barabara iende kwa njia za miguu na baiskeli. Tembea kwenye njia ya mtaa wako halafu uniambie umeikanyaga hiyo ishirini wapi.

#22 jirani_mkorofi
Njia za miguu zilijengwa, zikajaa vibanda. Mama mboga, smoki, chaja za simu, viatu. Mtu unatembea barabarani na pikipiki zinatembea kwenye njia yako.

#23 konda_msomi
Hapo napinga kwa nguvu. Mimi nashuka gari saa tano usiku, naenda nyumbani kwa miguu kilomita mbili. Najua kila kipande cha njia hiyo. Pale penye kibanda cha chapati na taa moja ya waya natembea nikipiga mluzi. Pale paliposafishwa, pana ukuta mrefu wa mtu tajiri na ua wa umeme, pale ndipo nakimbia. Ukuta haumwoni mwizi. Mama wa chapati anamwona, na anamjua jina.

Pikipiki nakubaliana na wewe.

#24 wanjiku_wa_tano_asubuhi
#23 umesema ukweli ambao sikuwa nimeufikiria. Hata mimi navuka barabara nipite upande wenye vibanda. Lakini saa kumi na moja asubuhi vibanda havijafunguliwa.

#25 SojaWaZamu
Mimi si mtu wa kuandika sana hapa. Natoka Kangemi jioni saa kumi na moja na robo, nafika kazini Lavington kabla ya saa kumi na mbili. Asubuhi narudi kwa miguu vilevile. Huu mwaka wa tisa. Konda, nauli ninayo. Naitumia kulipia mtoto masomo.

Nataka kuwaambia nilichoona nikiwa getini, kwa sababu kazi yangu ni kuangalia. Kila Januari barabara yetu inajaa watu wa asubuhi. Nguo mpya, saa za mkononi zinazohesabu, wengine wanakimbia. Nawahesabu kwa kujifurahisha. Januari iliyopita nilifika thelathini na wanne. Katikati ya Machi, mvua za masika zilipoanza, walibaki sita. Ni walewale sita wa mwaka juzi.

Nimewachunguza hao sita. Hakuna hata mmoja anayekimbia. Nguo zao ni kuukuu, mmoja anavaa sweta lililotoboka kiwiko na ana magari matatu. Wanapita kwa dakika, si kwa saa: mama mmoja akipita najua ni saa kumi na mbili na dakika arobaini, sitazami simu. Wawili ni mume na mke na wanagombana njia nzima, nadhani ndio wakati wao wa kugombana. Na wote sita wananisalimia. Wale ishirini na nane walikuwa na vitu masikioni.

Sijui kama kusalimia ndiko kunawafanya waendelee, au wanaoendelea ndio wanaopata wakati wa kusalimia. Lakini yule mama akikosa siku mbili, siku ya tatu ananieleza alikuwa wapi bila mimi kumuuliza.

#26 MzeeKaloleni
SojaWaZamu, wewe ungekuwa profesa. Huyo mama na mimi na muuza gazeti wangu ni kitu kimoja. Yupo mtu njiani ambaye pengo lako atalijua.

#27 ShazzRoysa
Ndivyo nilivyosema #4! Mtu!

#28 MswahiliWaMajengo
La, dada, si mtu, ni dakika. Soma tena: "wanapita kwa dakika." Mimi sina wa kunisubiri, natembea peke yangu gizani na tasbihi. Kilichonishika ni wakati.

#29 jirani_mkorofi
Si mtu wala dakika, ni sweta kuukuu. Ukinunua nguo mpya umeshajilipa zawadi kabla ya kazi. Soksi za bei, Kitambi, ndizo zilizokumaliza.

#30 Kitambi_Donholm
Hizo soksi mtaniandama nazo hadi lini?

#31 MamaPacha_Buru
Mnaongea kama hamjui chama. Sisi wanawake tisa wa Buruburu tunatembea Jumatatu hadi Ijumaa saa kumi na mbili na nusu. Tuliweka faini: ukikosa bila taarifa, shilingi 100 kwa mweka hazina. Mwezi wa kwanza sote tulikuja. Mwezi wa tatu, mama mmoja mwenye biashara yake nzuri akaanza kutuma 500 kila Jumatatu asubuhi. Analipa wiki nzima mbele! Ananunua usingizi. Na wengine wakaona, aah, kumbe inanunulika.

Tukakaa kikao. Tukafuta faini ya pesa. Sasa ukikosa, Jumamosi unapika chapati za watu tisa kwa mikono yako, si za kununua. Unga kilo mbili, saa mbili jikoni, na sisi tumekaa sebuleni kwako tunakucheka. Huu mwezi wa kumi na nne na chapati tumekula mara nne tu.

#32 TakwimuTu
MamaPacha, ulichokiona kilionekana Haifa, Israeli. Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha mwaka 2000. Vituo vya kulea watoto viliwatoza faini wazazi wanaochelewa kuchukua watoto. Waliochelewa wakaongezeka, na faini ilipoondolewa hawakupungua. Kabla ya faini mzazi aliona haya kumchelewesha mwalimu. Baada ya faini ikawa huduma yenye bei.

#33 MamaPacha_Buru
Wangetoza chapati.

#34 kijana_wa_hatua10000
Nashangaa hakuna aliyetaja lengo la hatua 10,000 kwa siku. Simu yako inahesabu bure. Mimi nikiwa na 9,200 saa tatu usiku nazunguka sebuleni mpaka itimie. Mke wangu ameshazoea. Bila 10,000 huwezi kupata faida, hiyo imethibitishwa na wanasayansi.

#35 NesiWaUsiku
Haijathibitishwa hivyo, ndugu yangu. Namba hiyo ilitoka Japani, mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki za Tokyo. Kampuni moja ilitoa kifaa cha kuhesabu hatua ikakiita manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Ni jina la bidhaa. Linavutia, ni namba nzima, watu wakalipenda.

Mwaka 2019 I-Min Lee na wenzake walitoa utafiti wa akina mama wazee zaidi ya 16,000 wa Marekani, wastani wa miaka 72. Waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa katika miaka iliyofuata kuliko waliotembea kama 2,700, na faida iliendelea kupanda hadi karibu 7,500, kisha ikatulia. Ni wazee hao, kijana wa miaka thelathini asiwaazime namba yao kama ilivyo. Ila mgonjwa wangu wa miaka 70 akiniambia ameshindwa elfu kumi kwa hiyo ameacha kabisa, ninaumia.

Shirika la Afya Duniani linahesabu dakika: 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani. Mwendo wa wastani ni kama hatua 100 kwa dakika. Kwa lugha ya wodini: unaweza kuongea, huwezi kuimba.

#36 konda_msomi
Mimi siwezi kuimba hata nikikaa.

#37 kijana_wa_hatua10000
Nesi asante. Lakini nisipokuwa na namba sitoki. Hata kama ni ya uongo, uongo huo umenitembeza miaka mitatu.

#38 NesiWaUsiku
Hapo sina jibu. Zunguka sebule.

#39 Mtafuta_Hewa
Kitambi, nenda Karura. Hekta zaidi ya elfu moja, maporomoko ya maji, mapango ya Mau Mau, hewa safi. Ukiingia mara moja utarudi wewe mwenyewe. Tumshukuru Wangari Maathai aliyeuokoa msitu huo mwaka 1989.

#40 MzeeKaloleni
Kijana, 1989 ni Uhuru Park, walipotaka kujenga jengo la ghorofa 60 akakataa. Karura ni mwishoni mwa miaka ya tisini. Januari 1999 walipokwenda kupanda miti getini alipigwa hadi akatoka damu kichwani. Usichanganye vita viwili vya mama yule.

#41 Mtafuta_Hewa
Nimekubali, mzee. Shukrani.

#42 jirani_mkorofi
Kutoka Donholm hadi Karura ni kuvuka jiji zima. Unakaa kwenye msongamano saa nzima ili utembee nusu saa. Hiyo ndiyo sababu watu huacha: wameweka mazoezi mahali ambapo lazima kwanza usafiri. Barabara ya mlangoni kwako hata kama ni mbaya inashinda msitu mzuri wa mbali.

#43 Mtafuta_Hewa
Basi Arboretum, iko karibu na katikati ya jiji, imekuwepo tangu 1907. Tatizo ni nyani tu. Waliniibia ndizi mkononi.

#44 TakwimuTu
Si nyani. Arboretum ni kima na tumbili. Nyani angechukua ndizi na mkono.

#45 ShazzRoysa
Mods, mtu amzuie huyu.

#46 TakwimuTu
Nikirudi kwenye mada kabla sijazuiwa. Kuna jaribio la Marekani la Katherine Milkman na wenzake, lilitoka 2014. Watu walipewa hadithi tamu za kusikiliza, lakini kifaa chenye hadithi kilibaki ukumbi wa mazoezi. Ukitaka kujua kilichofuata, njoo ufanye mazoezi. Mwanzoni hao walikwenda kwa asilimia 51 zaidi ya wenzao. Halafu ikaja likizo ya Novemba, ukumbi ukafungwa, na waliporudi faida ikawa imefifia.

#47 MamaPacha_Buru
Hiyo likizo naijua, kwetu inaitwa Desemba. Watu wanapanda gari kwenda ushago, wanakula mbuzi wiki mbili, Januari wanarudi wageni wa miguu yao. Chama chetu kilikaribia kufa Desemba, sio masika.

#48 MzeeKaloleni
Ajabu ni kwamba ushago ndiko wanakotembea zaidi. Kisimani, sokoni, kwa shangazi, kanisani. Hawahesabu kwa kuwa hawajavaa raba.

#49 Kitambi_Donholm
Wadau, nimesoma yote usiku huu badala ya kulala, na nina wazo. Mimi napanda gari mbili. Donholm hadi mjini, halafu mjini hadi Upper Hill kazini. Ile ya pili ni kama kilomita mbili tu, na mara nyingi nakaa ndani ya gari dakika ishirini na tano linasogea kama konokono. Shilingi 50 kwenda, 50 kurudi. Kwa siku 22 za kazi ni 2,200. Nikiacha gari la pili nimepata mazoezi bila kuamka mapema, na ni mchana kweupe.

#50 konda_msomi
Kukosa nauli! Nilisema #2! Unajikosesha nauli mwenyewe, tofauti iko wapi?

#51 MzeeKaloleni
Tofauti ni kwamba hamsini iko mfukoni, na siku ya mvua itampigia kelele. Kitambi, iache nyumbani hiyo hamsini.

#52 jirani_mkorofi
Hamsini iko kwenye simu, mzee. Siku hizi nauli inatumwa.

#53 MzeeKaloleni
Basi aiache simu nyumbani.

#54 kijana_wa_hatua10000
Na hatua zitahesabiwa na nani?

#55 wanjiku_wa_tano_asubuhi
Kitambi, wazo zuri, ila umefikiria jasho? Huo ni mlima. Mimi nilijaribu kitu kama hicho. Nikawa naingia mkutanoni nikiwa nimelowa mgongo. Nilidumu siku tisa, na kilichonitoa ni haya, si uvivu.

#56 SojaWaZamu
Beba shati. Mimi yunifomu naiacha kazini, natembea na fulana. Na usikimbize mlima.

#57 Kitambi_Donholm
Shati sawa. Viatu je? Vya ofisini vina kisigino kigumu, vinaniuma baada ya kilomita moja.

#58 RabaZaToi
Hatimaye mmefika kwangu, nimekuwa nikisoma tangu juzi kimya. Mimi nauza mitumba Toi. Nitawaambia siri ya watu wa Januari: wananunua kiatu kwa rangi. Kiatu cha kutembea, kipinde kwa mikono: kikikunjika katikati kama chapati ya MamaPacha, kiache. Kinatakiwa kukunjika mbele, pale vidole vinapokunjika. Angalia kisigino kama kimelika upande mmoja, huyo wa kwanza alitembea kwa upande na wewe utamrithi. Na nunua jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo. Ukinunua asubuhi kitakubana.

#59 MamaPacha_Buru
Chapati zangu hazikunjiki katikati.

#60 Kitambi_Donholm
Taarifa fupi. Leo ni siku ya kumi na saba tangu niache gari la pili. Nimekosa siku mbili, moja ya mvua na moja nilipewa lifti na bosi, sikuweza kukataa. Sijafungua kesi (#12). Kuna mzee anauza njugu pale chini ya mlima, ameanza kuniita "wa saa mbili kasorobo".

Wiki ya tatu ndiyo hii. Siahidi kitu.

#61 MswahiliWaMajengo
Kasorobo! Ni dakika, nilisema.

#62 ShazzRoysa
Mzee wa njugu ni dakika? Ni MTU.

#63 konda_msomi
Na ile 2,200 iko wapi?

#64 Kitambi_Donholm
Nusu imeenda kwa njugu. RabaZaToi, una namba 44, nyeusi?

#65 RabaZaToi
Iko moja, imetulia, kisigino kizima. Ukija kwa miguu nakutolea hamsini.

#66 TakwimuTu
Donholm hadi Toi ni zaidi ya kilomita kumi.

#67 RabaZaToi
Mia.